PESA ZA KULA ZA MWANAFUNZI NI JAMBO LETU



Kila majina ya walioitwa chuo kikuu yatokapo, hapa Shanzu huingia furaha na hofu katika nyumba moja, siku moja. Mtoto wa mpishi amepata nafasi; majirani waja kutoa hongera. Usiku, wageni wakiisha kwenda zao, baba na mama hukaa wakahesabu: nauli, godoro, chumba, chakula. Karo yaweza kuombewa muda; tumbo haliombewi muda.

Wako wanaosema jambo hili si la chama, kwamba kazi ya chama ni mishahara na saa za kazi. Sisi twasema ni la chama, na sababu zetu ni hizi.

Kwanza tukumbuke tulikotoka. Katika miaka ya kwanza ya Uhuru, mwanafunzi wa chuo kikuu alisomeshwa, akalishwa na kulazwa kwa gharama ya Serikali. Mwaka 1974 mikopo ikaanza. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 mzigo ukaongezwa juu ya wazazi, na chakula cha bwaloni kikawa cha kununua. Mwaka 1995 Bunge likaunda Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, HELB. Mwaka 2023 ukaja mpango wa kuwagawa wanafunzi makundi kwa hali ya nyumbani kwao. Desemba 2024 Mahakama Kuu ilisema mpango huo ni kinyume cha Katiba. Machi 2025 Mahakama ya Rufani ikaisimamisha hukumu hiyo.

Katika mpango huo, mkopo wa kujikimu ulikuwa Shs. 60,000/- kwa mwaka kwa kundi la kwanza, la maskini kabisa, na Shs. 40,000/- kwa kundi la tano. Hebu tuhesabu. Tukifanya miezi ya masomo ni minane, kundi la kwanza lapata Shs. 7,500/- kwa mwezi, yaani Shs. 250/- kwa siku. Kundi la tano lapata Shs. 5,000/- kwa mwezi, karibu Shs. 167/- kwa siku. Humo mna chumba, chakula, nauli, sabuni na karatasi. Kila mmoja wetu anunuaye unga aweza kujibu kama zatosha.

Pili, mtoto hupimwa kwa pato la mzazi. Mfanya kazi wa hoteli pwani hii ajibu nini? Desemba vyumba vimejaa, ana mshahara na bahshishi. Mei wageni hawapo, naye ameambiwa akae nyumbani mpaka aitwe. Akipimwa kwa Desemba, mtoto wake atatiwa katika kundi lisilo lake, na njaa ya Mei itamfuata mpaka chuoni.

Tatu, pesa hizi si sadaka. Ni deni, lenye faida ya asilimia 4 kwa mwaka, na mwajiri hulikata katika mshahara. Asiyelipa, sheria yamtoza Shs. 5,000/- kila mwezi. Tazameni jambo hili: faini ya mwezi mmoja ni sawa na pesa za kujikimu za mwezi mmoja za mwanafunzi wa kundi la tano. Mwenye kazi akikimbia deni, hatumtetei. Anamnyima mdogo wake anayekuja nyuma. Lakini kijana aliyesimamishwa kazi kwa kukosa wageni hakukimbia. Amefungiwa mlango.

Kwa hivyo twataka mambo matatu. Pesa za kujikimu zifike kabla masomo hayajaanza, kwani mkopo unaofika mwisho wa muhula umekwisha kuliwa kwa madeni ya dukani. Pato la mfanya kazi wa msimu lipimwe kwa mwaka mzima. Na faini isihesabiwe katika miezi ambayo mdaiwa hana kazi, akiweza kuonyesha barua ya kusimamishwa.

Nasi wenyewe tuna wajibu. Mzazi asiiache fomu ijazwe na mtoto peke yake. Aweke hati za mshahara za miezi yote, na barua za kusimamishwa pia, kwani hizo ndizo ushahidi wake. Anayeona ametiwa kundi lisilo lake akate rufaa mapema. Anayeombwa kuwa mdhamini asome kabla ya kutia sahihi. Na asiyejua kusoma maneno hayo asione haya: amwendee mjumbe wake kazini, wakae pamoja.

Mtoto wa mfanya kazi hakuomba anasa. Aliomba ale, asome, arudi kutusaidia. Tusimwache akahesabu shilingi peke yake.

UMOJA NI NGUVU.