Mkorogo wa Simu

Siku hizi hapa Kigwa picha ya harusi haitumwi kwa jamaa mpaka uso wa bibi harusi uchujuliwe, uwe mweupe kama unga wa muhogo. Huo ni mkorogo ule ule, ila haupakwi kwa mkono.

Watajitetea kuwa kamera hututia giza. Ni kweli kwamba kwa miaka mingi rangi za filamu za Kodak zilipimwa kwa kadi yenye sura ya mwanamke wa Kizungu, iliyoitwa Shirley. Je, dhuluma hiyo tuilipe kwa kujifuta wenyewe?

Ndugu, jifunze mwanga. Jua la saa sita likiwaka, msimamishe mtu ukingoni mwa kivuli cha mwembe, uso uelekee kweupe. Gusa uso wake kwenye kioo cha simu, kisha pandisha mwanga kidogo kwa kidole. Zima kichujio cha urembo. Ukirekebisha, ng'arisha sehemu za giza tu. Rangi ya ngozi iache, na picha ya asili uitunze.

Burton mwaka 1857 na Stanley mwaka 1871 walipita njia hii ya misafara kwenda Tabora, wakatueleza walivyopenda. Leo kamera tunaishika sisi. Wajukuu wetu wana haki ya kuwaona bibi zao walivyokuwa.