Subaru ya Mwisho: Usinunue Stika

Jana asubuhi jamaa yangu hapa Buxton alinionyesha picha ya Subaru kwenye simu. "Ndugu yangu, hii ndiyo ile ya mwisho!" Nikacheka.

WRX STI EJ20 Final Edition ilitangazwa Japani mwaka 2019, magari 555 tu, kuiaga injini iliyoanza 1989 na ambayo ukoo wake ulimpa Colin McRae ushindi wa Safari Rally 1997. Si urembo mtupu: pistoni na vipande vingine vya injini vilisawazishwa uzito kwa makini zaidi. Kwetu waunda programu, hilo ni toleo lililokwisha kusafishwa kasoro (aghalabu!).

Sasa ubashiri wangu. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8 tangu lisajiliwe, kwa hiyo lililosajiliwa 2020 mwisho wake Kilindini ni 2027. Kadiri mlango unavyofungwa, ndivyo STI za kawaida zitakavyobandikwa nembo ya "Final Edition" na kupandishwa bei. Itisha nambari ya chesisi kwanza. Jamaa yangu kamwomba muuzaji tangu jana. Mpaka sasa kimya.