Mkatalogi wa Nini, Ilhali Kompyuta Ipo?

Swali hilo huulizwa kila maktaba inapopunguziwa fedha, na huulizwa na watu wenye akili zao. Silibezi. Ila hoja zinazolibeba zina kasoro, na zinastahili kujibiwa moja moja.

"Kompyuta husoma kila neno, kwa hiyo haipitwi na kitu." Hii ndiyo hoja nzito kuliko zote, na ilishapimwa. Mwaka 1985 David Blair na M. E. Maron wa Marekani walichapisha matokeo ya jaribio lililohusu kesi kubwa ya madai. Nyaraka zilikaribia 40,000, kurasa kama 350,000, zote zimeingizwa kwenye kompyuta neno kwa neno. Mawakili walitaka kupata angalau asilimia 75 ya nyaraka zilizohusu kila swali lao, na waliamini wamezipata. Zilipopimwa, walikuwa wamepata takribani asilimia 20 tu. Mtambo haukuharibika. Tatizo lilikuwa kwamba waandishi wa nyaraka hizo hawakutumia neno moja: huyu kaandika "ajali", yule "tukio", mwingine "tatizo", na watu wa upande wa mdaiwa waliona heri waiite "hali ya kusikitisha". Ukiagiza "ajali", unaletewa "ajali". Ubaya zaidi ni kwamba usicholetewa hukioni, hivyo hakuna kinachokushtua, unaondoka umeridhika. Ndiyo sababu wakutubi huchagua istilahi moja kwa kila mada na kuipachika kwenye kila kitabu kinachoihusu, hata kama neno lenyewe halimo ndani ya kitabu.

"Hayo ni ya zamani, mitambo ya leo ni hodari." Ni kweli, mingine sasa huleta hata visawe. Lakini kanzidata nyingi bado hulinganisha maneno herufi kwa herufi, au hukata viishio tu, mtindo unaokifaa Kiingereza. Kiswahili hubadilika mbele. Katika kanzidata ya namna hiyo, ukiandika "mkulima", "wakulima" hawaji. Ukiandika "soma", "waliosomeshwa" limejificha kotekote, mbele na nyuma. Tena kuna lahaja: anayetafuta kwa neno "utenzi" peke yake ataziacha kazi zilizoorodheshwa kama "utendi", umbo la kaskazini mwa pwani, na kazi kongwe nyingi zimetoka huko huko.

"Kuorodhesha majina ya waandishi ni ukarani tu." Haya, mwambie karani wako amworodheshe Tippu Tip. Jina lake ni Hamed bin Muhammed el Murjebi, na wengine huandika Hamad au Hamid, Muhammad, al-Murjabi, Tippoo Tib. Je, aingie kwenye H, kwenye M au kwenye T? Mkatalogi huchagua umbo moja, kisha huyafunga mengine yote kwenye hilo, ili anayeingia kwa mlango wowote amkute mtu yuleyule. Kompyuta isiyoelekezwa huwaona watu wanne.

"Namba za Dewey zina nafasi ya kila kitu." Nafasi ipo, ubishi ni juu ya upana wake. Melvil Dewey alichapisha mpango wake mwaka 1876 nchini Marekani, na macho ya huko bado yamo ndani yake. Katika fungu la 200, la dini, Ukristo umejaza kuanzia 220 hadi 289, na Uislamu umebanwa kwenye 297. Fasihi ya Kiingereza ina 820 nzima. Fasihi ya Kiswahili iko 896.392, ndani ya 896 inayobeba fasihi za lugha nyingi za Afrika kwa pamoja. Sisemi mpango utupwe. Mwongozo wake wenyewe unatoa njia za kuipa fasihi au dini ya mahali nafasi pana zaidi, ila njia hizo zinamhitaji mtu anayezijua.

"Tuskani kila kitu, mengine yatajipanga." Hayajipangi. Picha ya muswada wa Kiswahili ulioandikwa kwa herufi za Kiarabu ni picha tu, mpaka mtu ausome na kuandika jina la utungo, mtunzi na mada. J. W. T. Allen aliifanya kazi hiyo kwa miswada ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na katalogi yake ikatoka mwaka 1970, kabla ya skana kufika kwenye meza za maktaba zetu.

Na wanaosema tuulize programu za akili unde, sawa, ulizeni. Lakini programu hizo hutaja hata vitabu ambavyo havikuwahi kuandikwa, kwa ujasiri uleule.

Basi, mwanafunzi unayeandika tasnifu: ukikosa kitu kwenye kisanduku cha kutafutia, usikimbilie kuandika kwamba "hakuna utafiti uliofanywa". Nenda mezani kwa mkutubi, umuulize mada yako imeorodheshwa kwa istilahi gani.