Usiache Mbachao

Imekuwa desturi katika nchi ya Kisii na Nyamira kwamba bonasi ya majani chai ikiisha kulipwa, na shule zikifungwa mwishoni mwa mwaka, mzazi aliyejaliwa huwachukua watoto wake kwenda kuutembelea mji wa Nairobi. Safari hiyo hupita kilomita 300, na gharama yake si ndogo. Zamani watoto walitaka kuona simba, gari la moshi na majumba marefu. Siku hizi wanataka pia kuona mahali palipopigwa picha za sinema, na mahali panapotangulia kutajwa ni Karen, kwa ajili ya sinema iitwayo Out of Africa ya mwaka 1985.

Sisemi kwamba safari ni mbaya. Asiyetembea hujua mlango wa mama yake tu. Nasema kwamba jicho linaloongozwa na sinema peke yake huona kile tu kilichochaguliwa na mwenye sinema, nalo hurudi nyumbani likidharau visivyochaguliwa.

Tuitazame nyumba ile yenyewe. Aliyekaa humo alikuwa Karen Blixen, mwanamke wa Denmark, aliyelima kahawa chini ya vilima vya Ngong mpaka shamba likamshinda mwaka 1931. Nyumba ilifunguliwa kuwa makumbusho mwaka 1986, sinema ilipokwisha kupata sifa na tuzo 7 za Oscar. Lakini sehemu kubwa ya picha za nyumbani hazikupigwa humo, na Nairobi ya kale ionekanayo ilijengwa upya kwa ajili ya mchezo. Mtoto anayekistaajabia kizingiti kile, akidhani ndicho alichokiona katika sinema, anastaajabia kivuli cha kivuli.

Hilo ni kosa dogo. Kubwa ni hili: katika sinema ile ardhi ni yetu, mawingu ni yetu, na wachukuzi ni wetu, lakini mapenzi, huzuni na mawazo ni ya wageni. Mwafrika hufungua mlango, huchukua mzigo na hutibiwa kidonda. Mtoto asipoambiwa neno juu ya jambo hilo hujifunza, bila kufundishwa, kwamba hadithi ni mali ya wengine, na kwamba kazi yake yeye ni kushika taa.

Haki inataka nikiri kwamba sinema zote si za namna moja. Nairobi Half Life, iliyotengenezwa na David Gitonga mwaka 2012, humwonyesha kijana wa shamba aliyekuja mjini kutafuta kuwa mwigizaji, akapokewa na wezi. Mzazi anayepita na mwanawe katika mitaa ya namna hiyo anaweza kumwonya na kumfundisha. Hapo safari ina faida.

Sasa niulize: ni wangapi kati ya watoto hao waliokwisha kupanda Manga? Ukingo ule uko karibu, na gharama ya kuufikia ni jasho. Ni wangapi wanaojua kwamba mwaka 1908 kijana Otenyo alimchoma mkuki mtawala wa Kiingereza, Northcote, baada ya kuhimizwa na Moraa, mwanamke mtabiri? Northcote alipona, na baadaye akawa gavana wa Hong Kong. Wagusii walipelekewa askari. Watu waliuawa, nyumba zilichomwa na ng'ombe walitekwa, hata Churchill, aliyekuwa katika ofisi ya makoloni London, akalalamika kwamba mauaji yamezidi. Je, hadithi hiyo ina upungufu gani? Ina ushujaa, ina mwanamke mwenye sauti, ina msiba. Haina mpiga picha tu.

Watakuja wenye kusema, "Manga hapana sinema, tukaone nini?" Nawajibu kwa jiwe la Tabaka. Jiwe lile lilikuwa chini ya ardhi kwa miaka mingi, na lisipochimbwa ni jiwe tu. Mtu hulichimba, mwingine hulichonga, na wanawake hulisugua kwa maji mpaka likang'aa; kisha mgeni hulinunua Nairobi na kuvuka nalo bahari. Mahali nako ni hivyo hivyo. Vilima vya Ngong vilikuwa mashuhuri kwa sababu mtu aliandika juu yake na mwingine akapiga picha. Sifa haikuota huko kama nyasi. Ilichongwa kwa mikono ya watu.

Basi, kijana msomaji, baba akikuita kwenda Nairobi, nenda kwa furaha, umshukuru. Ukifika Karen, tazama. Lakini uliza nani alisimama mbele ya kamera, nani alisimama nyuma yake, na shamba lile lilikuwa malisho ya nani kabla ya kahawa. Ukirudi, keti na bibi yako kabla hajanyamaza, uandike anayokumbuka. Wazee wanaosimulia habari za Otenyo hupungua kila mwaka, wala hakuna makumbusho yatakayoweza kufungua mlango wa kinywa kilichofungwa na mauti. Usiache mbachao kwa msala upitao.