Minnesota au Texas: Tuyapime Maisha kwa Kipimo Gani?

Tunaliendea suala ambalo familia nyingi za Unguja na Pemba huletewa kwa simu. Kijana aliyeko Minnesota anataka kuhamia Texas, naye anaomba radhi ya wazee. Sababu anayoitaja ni moja tu: Texas haina kodi ya mapato ya jimbo. Wazee wakisikia hivyo huona shauri limekwisha, kwani pesa itakayobaki mkononi itakuwa nyingi, na huku nyumbani itafika zaidi.

Hilo la kodi ni kweli. Minnesota inatoza kodi ya mapato, na kwa wenye kipato kikubwa hufika asilimia 9.85. Lakini Texas nayo haiendeshwi kwa hewa. Kodi yake ya nyumba na ardhi ni kubwa, na bidhaa nyingi za dukani zinaongezewa kodi inayofika asilimia 8.25. Aliyepanga asidhani amesalimika, maana mwenye nyumba huitia kodi yake ndani ya pango. Tena kima cha chini cha mshahara Texas ni dola 7.25 kwa saa, hakijabadilika tangu mwaka 2009, na Minnesota mwaka 2025 kilikuwa dola 11.13. Waajiri wengi wa Texas hulipa zaidi ya hapo, lakini sheria haiwalazimishi.

Sisi tunacho kipimo chetu cha maisha. Katika hadithi aliyoipokea Tirmidhi, Mtume (s.a.w.) ametaja mambo matatu ambayo mwenye kuamka nayo ni kama aliyekusanyiwa dunia: amani, afya ya mwili na chakula cha siku yake. Fedha ya kuweka haikutajwa.

Tuanze na afya, kwani hapo ndipo majimbo haya yanapoachana sana. Marekani mtu asiye na bima anaweza kulazwa siku tatu akatoka na deni la miaka. Texas ndiyo inayoongoza nchi nzima kwa watu wasio na bima: takriban watu 16 katika kila 100. Minnesota ni kama 4. Sababu ni siasa. Sheria ya afya ya mwaka 2010 iliyapa majimbo nafasi ya kuwaingiza watu wazima wenye kipato kidogo katika bima ya serikali iitwayo Medicaid. Minnesota ilikubali, na ina mpango wake mwengine, MinnesotaCare, kwa wanaozidi kidogo kipato hicho. Texas ni miongoni mwa majimbo 10 yaliyokataa. Mtu mzima wa huko asiye na mtoto wala ulemavu, hata awe fakiri, kwa kawaida haipati bima hiyo. Takwimu za mwaka 2020 zilionesha umri wa kuishi Minnesota ni miaka 79.1 na Texas 76.5.

Kwa chakula, tangu mwaka 2023 skuli za serikali Minnesota zinawapa wanafunzi wote kifungua kinywa na chakula cha mchana bure, wa tajiri na wa maskini. (Suala la nyama mzazi aliulize mwenyewe skuli.)

Wengine husema baridi ya Minnesota peke yake inatosha kumkimbiza mtu. Ni kali kweli, lakini nyumba zake zimejengwa kwa ajili yake. Februari 2021 baridi iliifika Texas, umeme ukakatika kwa mamilioni ya watu, na hesabu rasmi ya waliokufa ni 246.

Tusije tukaifanya Minnesota pepo. George Floyd alikulia Houston, Texas, akahamia Minneapolis kutafuta kazi na maisha mapya, na ni hapo polisi walipomuua tarehe 25 Mei 2020. Zaidi ya robo tatu ya familia za wazungu wa jimbo hilo zinamiliki nyumba. Za watu weusi hazifiki theluthi. Wastani mzuri wa jimbo si wa kila mtu, na kijana wetu huko anahesabiwa mweusi. Kwa dini, Minneapolis imeruhusu tangu mwaka 2023 adhana zote tano kwa vipaza sauti, lakini Houston nayo haina upungufu wa misikiti.

Rai yetu, kijana asiye na mke, mwenye ufundi unaotafutwa, anaweza kufanikiwa Texas, na tusimzuie. Mwenye mke na watoto wadogo tunamuona bora abakie. Na wazee, kabla ya kuuliza ataongeza kiasi gani kutuma, wamuulize kazi anayoiendea ina bima ya afya, na inamchukua yeye tu au na mke na watoto. Akiwa hana jibu, radhi isubiri mpaka barua ya mwajiri ifike.