Dadu, Hadithi na Amri ya Nane



Ndugu wapendwa katika Kristo, mama mmoja alinijia baada ya Misa ya kwanza, simu mkononi na machozi machoni. Mwanawe anasoma chuo kikuu nchini Marekani, na kila Jumamosi jioni huketi na wenzake kucheza mchezo uitwao Dungeons & Dragons. Mama huyo alikuwa ametumiwa na wanajumuiya wenzake ujumbe usemao kwamba mchezo huo ni ibada ya shetani, na kwamba wanaoucheza huishia kujiua. “Baba Paroko,” aliniuliza, “mwanangu amepotea?” Nilizungumza na kijana mwenyewe kwa simu, na leo naandika kwa ridhaa ya wote wawili. Sitaficha kwamba nimekasirika. Ila sikukasirishwa na kijana.

Kwanza tuujue mchezo wenyewe. Ulitolewa huko Marekani mwaka 1974 na Gary Gygax na Dave Arneson. Watu wachache huketi mezani. Mmoja wao ni msimulizi: yeye hueleza mahali walipo, hatari zilizopo na watu wanaokutana nao njiani. Kila mmoja wa wengine humsemea mhusika wake na kuamua atatenda nini. Jambo likiwa na mashaka, hutupwa dadu lenye pande 20. Hadithi moja huweza kuendelea kwa miezi, hata miaka. Wenyewe huiita kampeni, ingawa haihusiani na kura.

Ndani yake wamo wachawi, majoka na mashetani; hilo silikatai. Lakini bibi zetu nao walitusimulia habari za mazimwi kando ya moto, wala hatukusema kwamba bibi anaabudu zimwi. Tena baadhi ya viumbe wa mchezo huo walichotwa katika maandishi ya J.R.R. Tolkien, Mkatoliki mwenye msimamo, ambaye mwanawe wa kwanza alikuwa padre.

Basi hofu ilitoka wapi? Mwaka 1979 mwanafunzi wa miaka 16 alitoweka katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Michigan. Magazeti yakatangaza kwamba huenda amepotelea katika njia za chini ya ardhi akiucheza mchezo huo. Alipatikana akiwa hai, naye akajiua mwaka uliofuata. Mpelelezi aliyeajiriwa na familia, William Dear, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1984 kwamba chanzo hakikuwa mchezo: kijana yule alikuwa amelemewa na upweke na huzuni nzito. Mwaka 1983 Patricia Pulling, mama aliyefiwa na mwanawe kwa kujiua, alianzisha chama cha kuupinga mchezo huo. Uchungu wake nauheshimu. Lakini uchungu wa mzazi si ushahidi, na tukimtwika shetani wa mezani kila msiba, hatutamwuliza kijana aliye hai: je, umelala? umekula? nani anakusikiliza?

Nilimwuliza kijana wetu jambo gani humsumbua anapoongoza kampeni yake. Nilitarajia atataja majoka. Akanijibu, “Padre, kazi ngumu ni kuhakikisha kila aliyeketi mezani anapata nafasi ya kusema.” Kila baada ya mchezo huandika katika daftari yale yaliyotokea. Juma moja aliandika kwamba mwenzao mpole alikatizwa maneno mara tatu, na kwamba yeye, msimulizi, alicheka pamoja na wale waliomkatiza. Kesho yake alimfuata akamwomba radhi.

Ndugu zangu, huko si kuchunguza dhamiri? Ni mara ngapi sisi tunaoongoza vikao vya Jumuiya Ndogo Ndogo tumerudi nyumbani tukajiuliza ni nani hatukumpa nafasi?

Wapo watakaojitetea kwa methali: lisemwalo lipo. Hapana! Lisemwalo laweza kuwa uongo mtupu. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2477, inafundisha kwamba kuliamini kosa la jirani pasipo msingi wa kutosha, hata kimoyomoyo, ni hukumu ya haraka. Basi itakuwaje kwa anayelisambaza? Namba 2116 inakataza kumwendea shetani na kupiga ramli. Kumsimulia mchawi si kupiga ramli. Lakini wapo kati yetu wanaotetemeka mbele ya dadu la plastiki, na usiku huvuka mto kwenda kwa mganga wakamwulize ni nani amewaroga.

Hapa Tanzania tunajua mwisho wa njia hiyo. Tumewazika vikongwe waliouawa kwa mapanga kwa sababu macho yao yalikuwa mekundu, macho yaliyochomwa na moshi wa jikoni kwa miaka mingi ya kuwapikia wajukuu. Waliponzwa na ramli chonganishi. Ujumbe ule alioletewa mama yetu, je, si ramli chonganishi iliyohamia kwenye simu?

Sisemi kwamba mchezo hauna hatari. Ukimnyima mtu Misa ya Dominika, ukimla masomo, ukimzoeza kufurahia ukatili, hapo auache. Na mpira wa miguu tuupime kwa kipimo hicho hicho. Bwana alitufundisha kuutambua mti kwa matunda yake, hakutufundisha kuukata kwa uvumi. Naye Mtakatifu Tomaso wa Akwino aliihesabu kiasi katika michezo kuwa fadhila, akikumbusha kisa cha upinde: usipolegezwa kamwe, huvunjika.

Mama yule nilimpa malipizi yasiyo ya kitubio: ampigie mwanawe simu, amwombe amsimulie hadithi yao imefika wapi. Walizungumza saa nzima. Aliniambia kwamba tangu kijana aondoke nyumbani hawakuwahi kuzungumza kwa muda mrefu namna hiyo.

Nanyi mliousambaza ujumbe ule, nawasihi kwa upendo wa kichungaji: mnajua mlango wa mama huyo. Nendeni mkamwombe radhi kabla ya kuikaribia Meza ya Bwana Dominika ijayo.

Mungu awabariki nyote.