Muhuri wa Nyama Hauoni Dawa



Mwisho wa mwezi wengi wetu hununua maini, maana yaiva upesi na watoto huyapenda. Twaona muhuri wa inspekta juu ya paja lililoning'inia buchani, nasi twaridhika.

Hatuudharau muhuri huo. Inspekta hutazama kwa macho, hugusa kwa mkono, hupasua tezi kwa kisu. Akiona minyoo ya maini au kifua kikuu, nyama haipiti. Lakini dawa aliyolishwa mnyama pamoja na chakula chake haina rangi wala harufu ndani ya nyama. Kisu hakiioni.

Dawa hizo hutiwa ili mnyama asiugue, au anenepe upesi. Huingia katika damu, na mabaki yake hukaa zaidi katika maini na figo. Kwa hiyo yapasa mnyama angojewe siku zilizoandikwa katika karatasi ya dawa kabla ya kuchinjwa. Lakini mfugaji anayedaiwa karo, na mnunuzi amesimama mlangoni, atangoja kweli?

Madhara yake si hadithi. Huko Hispania mwaka 1990 watu 135 waliugua baada ya kula maini ya ng'ombe yenye klenbuteroli, dawa ya kumwongezea mnyama mnofu. Walitetemeka na mioyo yao ikaenda mbio. Kuchemsha maini hakuiondoi dawa hiyo.

Na hapa kwetu je? Mwaka 2001 wataalamu walitangaza matokeo ya kupima vipande 250 vya nyama, maini na figo kutoka machinjio ya Nairobi na jirani yake. Vipande 114 vilikuwa na mabaki ya tetrasiklini, dawa ya viini ambayo hudungwa kwa sindano na pia hutiwa katika chakula cha mifugo. Katika hivyo 114, maini yalikuwa 60. Si kila mabaki ni sumu, na wataalamu wameweka vipimo vya kiasi kinachokubaliwa. Lakini viini vikizoea dawa kidogo kidogo, siku mtoto akiugua dawa ile ile haimponyi.

Kupima kwawezekana. Ziko njia nyepesi: viini huoteshwa katika kisahani, kipande cha figo kikawekwa juu yake, kikalala usiku mahali pa joto. Asubuhi ukiona duara tupu kuzunguka kipande, viini vimekataa kuota; mna dawa. Njia hii haitaji jina la dawa, wala haikamati klenbuteroli, basi kinachotiliwa shaka hupelekwa katika mashini kubwa. Mashini hiyo huweza kugundua hata gramu moja iliyotawanyika katika tani 100. Sisi wa relwe tunaopakia mabehewa twajua tani 100 ni mzigo gani!

Wakubwa watasema ni gharama. Twawakumbusha mwaka 1999, Ulaya ilipofunga soko la samaki wa Ziwa Victoria kwa hofu ya sumu. Hapo mbio za kupima zilianza, mpaka soko likafunguliwa tena. Basi pesa zilipatikana kwa sababu mla samaki alikuwa ng'ambo. Mla maini wa Makongeni naye ana tumbo.

Hatumlaumu mwenye bucha, maana naye hununua kama sisi. Wala hatutaki gharama hii iongezwe katika bei ya kilo. Twataka serikali ichukue vipande vya maini na figo kila mwezi katika kila machinjio makubwa, ivipime, na matokeo yabandikwe mlangoni kwa Kiswahili. Penye mabaki kupita kiasi, mnyama afuatwe mpaka alikotoka, na mwuza chakula cha mifugo aulizwe mfuko wake una nini.

Matawi yalilete jambo hili katika mkutano ujao. Na pale penye kantini, wajumbe wamwulize mwenye kandarasi nyama yake yatoka machinjio gani, wakaandike jibu lake.